Kiti chenye Jina la Baba

Kanada, Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii nikijua huenda usiiitikie, na sitakulaumu. Tangu Idi nimepiga simu mpaka nimechoka, inaita inakatika. Mara mbili alipokea Shangazi Muaziza, akaniambia, "Mama yako kalala." Saa nne za asubuhi! Wewe, ambaye tangu nipate akili sijakuona umelala jua likiwa juu. Basi nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata katikati kama simu, na kwa ninavyokujua huwezi kuacha karatasi yenye maandishi bila kuisoma, hata ikiwa ni ile waliyofungia chumvi dukani.

U hali gani, Mama? Goti linasemaje? Na ile homa inayokuja na kuondoka, umekwenda posto ya afya wakakupima, au umechemsha majani ukajifunika shuka ukasema imekwisha? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku imeanza kulegea, barafu ya mlangoni imegeuka tope, nami bado navaa soksi mbili mbili na wenzangu wananicheka. Kula nakula. Usingizi ndio umenihama, na sababu yake unaijua.

Barua hii naituma Mtwara kwa Mama Halima, yule muuza vitenge, avuke nayo mto aje akukabidhi mkononi hapo Namoto. Nimemwomba asimpe mtu mwingine yeyote, na asisimame njiani kusimulia, ingawa hilo la pili najua nimemtwisha mzigo mzito.

Mama, nimekukosea. Nataka nikueleze mwenyewe, tangu mwanzo, kwa sababu ulichokipata wewe ni mkia wa habari tu, na mkia wenyewe umeukuta katika begi la mdogo wangu Momade.

Unajua kwamba nafundisha katika skuli ya habari na mawasiliano ya chuo kikuu cha huku. Nawafundisha vijana kutafuta habari, kuihakiki, kuiandika na kuitangaza. Sasa katika vyuo vya huku kuna kitu wanakiita kiti. Usidhani ni cha kukalia tu, ni cheo cha profesa. Tajiri anatoa mali, chuo kinaiwekeza, haiuzwi wala hairithiwi, na faida yake ndiyo inayomweka profesa na wanafunzi wake miaka nenda miaka rudi, hata tajiri mwenyewe akishakuwa udongo. Wewe utaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi: ni wakfu. Ni kama ile minazi ya msikiti, ambayo hakuna anayethubutu kuikata, na nazi zake ndizo zinazonunua mikeka. Tofauti ni kwamba kiti cha huku lazima kiwe na jina la mtu. Jina linachongwa kwenye kibao cha shaba, linasomwa mbele ya watu, na kila profesa atakayekishika atalitaja katika kila anachokiandika, yeye na watakaokuja baada yake.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja mjane. Mumewe alikuwa na magazeti, akafa akamwachia mali, na yeye hana mtoto. Akaamua kuweka wakfu viti vitatu kwa mpigo katika skuli yetu. Cha kwanza akakipa jina la mumewe, cha pili jina la mzee aliyemfundisha mumewe kazi, na cha tatu akawa bado anakitafutia jina. Katika kutafuta huko akawa anaingia madarasani na kukaa nyuma, kimya, na mkoba wake magotini. Siku aliyoingia kwangu nilikuwa nawasimulia wanafunzi gazeti la ukutani la Baba.

Nani alijue gazeti lile kukupita wewe, uliyekuwa ukimpikia gundi ya unga wa muhogo kila Jumapili? Niliwaeleza zile karatasi nne za daftari alizozibandika kwenye ukuta wa shule kila Jumatatu. Nani kajifungua, pampu ya kisima kipi imeharibika, nani anatafutwa na ndugu zake kutoka bara. Nusu aliandika kwa Kireno, kwa kuwa direktori alitaka, na nusu kwa Kiswahili, kwa kuwa watu walitaka kusoma. Na pembeni, kwa wino mwekundu, makosa ya wiki iliyopita: "Tuliandika kwamba mbuzi wa Bwana Chande kaibwa. Mbuzi karudi mwenyewe. Tumekosea." Darasa zima lilicheka. Nikawaambia kwamba vitabu vyote tunavyosoma humu ndani, Baba yangu alivifupisha kwa sentensi moja aliyokuwa akiwaambia watoto wa darasa la tano: usiandike usiloliona, wala usilolisikia kwa aliyeliona.

Bibi yule alinisubiri mlangoni, akanieleza habari ya kiti chake cha tatu. Akaniuliza, "Baba yako yu hai?"

Nikamwambia, "Hapana."

Akanishika mkono. "Amezikwa wapi?"

Nikamwambia, "Karibu na mto."

Ndivyo nilivyosema, Mama. Sikulazimishwa, wala ulimi haukuteleza. Kwa miaka hii nimechoka kueleza watu wa huku kwamba Baba yangu hakufa na hayupo, maana ukiwaambia hivyo wanainamisha kichwa upande mmoja na kuanza kuuliza, na kila swali linanirudisha pale ukingoni mwa mto, mlipoachana naye. Lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikiona kiti. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwaka huu na walikuwa hawajaniambia kama wataniongezea. Yule bibi alikuwa amekwisha nieleza kwamba mwenye jina akipatikana, profesa wa kwanza atakuwa mimi, na kwamba kila mwaka kiti kitamleta kijana mmoja kutoka pwani yetu asomee kazi hii. Niliwaza vijana wetu, naam. Nilijiwaza na mimi pia. Kaburi nikalichimba pale pale mlangoni, kwa maneno matatu.

Baada ya hapo zikaja fomu. Kanuni za chuo ni mbili. Jina la mtu aliye hai, aweke sahihi yake mwenyewe. Jina la marehemu, iletwe certidão ya serikali inayosema amekufa, na mrithi aweke sahihi. Aliyepotea hana fomu. Nikampigia Momade kule Pemba, hii yetu, si ile ya kisiwani.

"Mana Atija," akaniambia, "watu wa registo, wanaoandikisha vifo, wanataka mashahidi wawili waape kwamba walimwona amekufa."

"Watafute."

"Nitawatoa wapi? Hakuna aliyeona."

"Momade, ni papel tu, karatasi ya chuo. Itakaa kwenye droo huku Kanada, nani ataisoma?"

Akasema ataona. Baada ya siku nne akanipigia: amewapata wazee wawili, watu wa kwetu, wamekubali kwa ajili ya jina la mwalimu wao.

"Lakini kuna jambo, mana. Wanataka siku aliyofariki. Niandike siku gani?"

Nikafungua kalenda ya mwaka ule kwenye simu. Nikaitafuta ile wiki mliyovuka mto mkikimbia vita. Nikaichagua Ijumaa, kwa sababu kwetu husemwa mtu akifa Ijumaa ana bahati, nikaona angalau nimpe hiyo. Nikamtajia Momade tarehe, nikarudi kusahihisha kazi za wanafunzi. Ndani ya moja ya kazi hizo nilimpa binti mmoja sifuri kwa sababu ametia habari isiyo na shahidi.

Sasa, kosa langu hasa ni hili, nalo ni kosa ambalo mtu wa huku asingelifanya, maana yeye hana cha kusahau. Mimi nilisahau kwamba kwetu karatasi ya serikali haikai kwenye droo. Nilisahau kwamba ulikwenda kwa shehe, mwaka wa kwanza ule mliporudi kutoka ng'ambo, ukamuuliza ukae eda au usikae, naye akakujibu, "Subiri mpaka ipatikane yakini, au mwenye mamlaka atamke." Ulinieleza mwenyewe kwenye simu, na sauti yako siku ile ilikuwa na furaha, nakumbuka. Shehe alikupa ruhusa ya kungoja. Na mimi, kwa sahihi yangu na mdomo wangu, nikamtafutia mwenye mamlaka akatamka.

Shangazi Muaziza ameniambia yote kwa áudio. Amenitumia saba, na ya tatu nusu yake ni kilio, nusu ni kuku wake.

Amesema Momade alifika kumi la mwisho la Ramadhani, ukachukua nguo zake kufua kama ulivyozoea, hata sasa ambapo ana ndevu. Ukaingiza mkono begini, ukaitoa nakala ya ile certidão, ukaisoma ukiwa umesimama. Hukupiga kelele. Ulimaliza kufua, ukaanika, ukavaa buibui, ukaenda nayo kwa shehe.

"Hii ni hukumu?" ukamuuliza.

Shehe akaigeuza huku na huku. "Mama Atija, serikali imesema, na wanao wenyewe ndio walioapisha watu. Mimi nitasema nini tena? Hesabu eda yako tangu leo."

Ukarudi, ukavua bangili na herini, ukaingia ndani. Na asubuhi ya Idi, kabla ya watu kwenda kusali, ukatoka kupima mchele wa fitri, pishi ya kila mtu wa nyumbani. Miaka yote hii ulikuwa unampimia na Baba, kwa sababu fitri hutolewa kwa ajili ya aliye hai. Shangazi anasema ulijaza kibaba ukakishika juu ya kapu, ukakaa nacho hivyo kitambo, kisha ukaurudisha mchele guniani. Mama, niliposikia hapo nilikuwa kwenye korido ya skuli, watu wananipita na vikombe vyao vya kahawa. Nililia mbele yao nikiwa nimesimama, wala sikuona haya.

Na Shangazi akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwamba tangu siku ile hushuki tena kivukoni. Miaka minne na zaidi umekaa pale na beseni lako la vitumbua, kila anayevuka kutoka ng'ambo unamuuzia na kumuuliza: hujamwona mtu mrefu, anaburuza mguu wa kushoto kidogo, miwani yake imefungwa uzi? Wachuuzi walikuzoea. Wavuvi wa kisiwa cha Vamizi waliopita walikuwa wakianza wenyewe, "Bado, mama, hatujamwona." Wapo waliosema umerukwa na akili, na mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilikubaliana nao kimoyomoyo. Sasa umo ndani, umefungwa na eda, na vitumbua anauza Shangazi.

"Mimi nauza tu, mwanangu," kaniambia. "Kuuliza siwezi. Sina moyo ule wa mama yako."

Kwa hiyo hakuna anayemuulizia Baba tena. Katika dunia nzima hii alikuwa na mtu mmoja wa kumuulizia, na nimemnyamazisha.

Nilikwenda kwa mkuu wa skuli asubuhi iliyofuata. Ni mzee mwembamba, mpole, anapenda kumwagilia maua yake dirishani wakati unazungumza naye. Nikamwambia nataka kuliondoa jina. Akaacha maua. Nikamweleza kila kitu, hata Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole ule ule kwamba baraza la chuo limekwisha pitisha, mali imekwisha wekwa wakfu kwa jina hilo mbele ya mwanasheria, na kwamba liko jambo moja tu linaloweza kulibatilisha: niandike kwamba certidão ni ya uongo. Hapo chuo kitalazimika kuiandikia serikali iliyoitoa.

"Fikiri kwanza," akaniambia.

Nikampigia Momade. Safari hii hakusema ataona.

"Mana, ukisema papel ni ya uongo, watauliza nani aliapa. Mimi na wale wazee wawili. Mmoja ndiye aliyetupa chumba tulipofika Pemba hatuna hata kijiko. Nikamwambie polisi wanakuja kwa sababu dada yangu kajuta?"

"Na Mama je?"

"Mama ulimfikiria lini? Uliponipigia mara ya kwanza ulimtaja?"

Kweli, sikukutaja. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimewaandalia sahani ninyi nyote, na wazee wa watu juu yake. Sikuandika kitu kwa mkuu wa skuli. Nikisema uongo kwa mara nyingine nitasema nilifanya hivyo kwa huruma ya Momade. Ilikuwa huruma, na ilikuwa woga.

Sherehe ikafanyika Alhamisi. Ukumbi ulijaa. Viti vitatu vya mbao, vya kweli, viliwekwa jukwaani, vyeusi, vina mikono, kila kimoja na kibao chake cha shaba nyuma. Nilikuwa sijui kwamba wanatengeneza na kiti chenyewe. Nikaliona jina la Baba kutoka mbali: Mwalimu Bakari Sumaili. Wameliandika sawasawa, hawakukosea herufi. Bibi yule alivaa nguo ya kijani akatabasamu kwangu kama mama, na kwa kweli hana kosa lolote, alichofanya ni kuamini alichoambiwa na mwalimu wa habari. Wakaniita jukwaani, wakaniambia nikae. Nikakaa. Kisha mkuu wa skuli, macho yake chini, akawaomba watu wote wasimame kimya kwa dakika moja kuwakumbuka marehemu hawa watatu.

Wote wakasimama. Nilisikia viti vikilia ukumbi mzima, halafu kimya. Mimi sikusimama, Mama. Niliiambia miguu inyanyuke, ikakataa. Nilikaa peke yangu mbele ya mamia ya watu waliosimama, mgongo wangu umegusa jina la Baba, nikawaza: nikisimama tu, basi amekufa. Baadaye watu walinikumbatia. Walidhani ni majonzi yamenilemea. Gazeti la wanafunzi liliandika hivyo hivyo, na kwa jinsi walivyoona, hawakukosea.

Tangu hapo kiti kimeletwa ofisini kwangu, nami nafanyia kazi dirishani, kwenye stuli. Jina limekwisha bandikwa, na siwezi kulibandua bila kumfunga Momade. Lakini kulikalia au kutolikalia ni hiari yangu, na mkuu wa skuli amenipa mpaka muhula mpya kumjibu. Nikikataa, watamtafuta profesa mwingine, pengine mtu asiyejua hata Namoto iko bahari gani, naye ataandika jina la Baba kwenye vitabu vyake. Mimi nitafungasha virago. Nikikubali, nitabaki, na mwakani atakuja kijana wa kwanza kutoka pwani yetu.

Hili sitaliamua mimi. Nilikwisha amua moja bila kukuuliza na unaona lilikotufikisha. Alikuwa mumeo kabla hajawa Baba yangu, na wewe ndiye uliyemwona mara ya mwisho. Ulisimama ndani ya mtumbwi, watu wanakusukuma, naye amesimama kwenye tope anakwambia anarudi shuleni kuchukua pauta za mtihani na vyeti vya watoto, kwamba atakuja na mtumbwi unaofuata. Pauta, Mama! Alama za hesabu za watoto! Kuna siku namkasirikia Baba mpaka nauma shuka, halafu nakumbuka kwamba watoto wale kama wangepoteza karatasi zile wangerudishwa darasa la kwanza, na kwamba asingekuwa yeye kama asingerudi. Mtumbwi uliofuata ulikuja, na mwingine, na mwingine. Ninyi mliokuwa pale mnajua. Mimi nilikuwa huku, kwenye chumba chenye joto, natazama simu.

Basi niambie. Ulipovua bangili, ulivua kwa sababu ya karatasi yangu, au moyo wako nao ulikuwa umekwisha kujua ukawa unangoja mtu wa kukuruhusu? Ikiwa ni karatasi tu, nitaacha kiti, nitakuja, nitapiga magoti kwa shehe mbele ya watu wote, niseme kwa mdomo wangu kwamba siku ile niliitunga mimi, ili akufungulie mlango ushuke kivukoni. Na hao polisi wakija, waje kwangu. Na ikiwa moyo ulijua, maliza eda yako kwa amani, nami nitakuja tusome hitima, na nitakikalia kile kiti nikijua nimekaa juu ya ukweli. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba jibu tu.

Maana hata kumwombea sasa siwezi. Nikimaliza kusali nainua mikono, nakutaja wewe, namtaja Momade, nafika kwake nakwama. Miaka yote nilisema Mwenyezi Mungu amlinde popote alipo. Sasa nikianza amlinde, naiona ile certidão. Nikianza amrehemu, naona wewe na lile beseni, unauliza watu. Nabaki nimeinua mikono mpaka inauma, kisha naishusha sijasema kitu. Mwanamke mwenye shahada tatu za maneno.

Nisalimie Shangazi Muaziza, umwambie áudio zake nazisikiliza zote mpaka mwisho, na kuku wake pia. Nisalimie Momade akija tena, umwambie begi lake lisilaumiwe, wa kulaumiwa yuko Kanada. Wape salamu wale wazee wawili wa Pemba kwa kinywa cha Momade, waniwie radhi. Msalimie jirani Mama Sefu, na mke wa shehe, na shehe mwenyewe ikiwa bado analipokea jina langu.

Salamu za Baba ndizo zilizokuwa za kwanza katika kila barua niliyokuletea tangu nilipoondoka nyumbani. Hata miaka hii ambayo hakuwepo, niliziandika, nawe ulinijibu kwenye simu kwamba umezipokea na umemwekea. Leo nimeziandika mara mbili nikazifuta mara mbili, na utaona karatasi imetoboka pale juu. Kwa hiyo nazikabidhi kwako. Ukiona bado ni za kuwekwa, mwekee. Ukiona sivyo, Mama, zisomee Fatiha.

Ni mimi mwanao,
Atija wa Mwalimu Bakari